Uvimbe Hauanzi Siku Unapoonekana

Hotuba hii ilitolewa jijini Mwanza mbele ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu na wazazi. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukumbini zimeachwa.

Ndugu mwenyekiti, waganga na wauguzi wenzangu, wahudumu wa afya mnaopita nyumba kwa nyumba, walimu, na wazazi wangu mliokaa mstari wa mbele, shikamooni. Vijana wa chuo cha uuguzi mliosimama nyuma kwa sababu viti vimekwisha, nawasalimu na nawashukuru kwa uvumilivu wenu.

Mimi ni daktari wa patholojia. Wengi wenu hamjawahi kukutana na daktari wa aina yangu, kwa sababu kazi yetu iko maabara. Mgonjwa akikatwa kinyama kwenye uvimbe, kinyama hicho hutufikia kikiwa ndani ya kichupa chenye dawa ya formalini. Tunakiondoa maji, tunakizamisha kwenye nta ili kiwe kigumu, tunakikata vipande vyembamba kuliko karatasi yoyote mliyowahi kuishika, tunakipaka rangi ya zambarau na ya waridi, kisha tunakitazama kwa hadubini. Jibu tunaloliandika ndilo linalomwambia daktari wa wodini kama mgonjwa aende nyumbani, apasuliwe, au aanze dawa.

Nimeombwa nizungumze kuhusu namna seli na tishu zinavyokua isivyo kawaida wakati wa ugonjwa. Ningeweza kuwasomea orodha ya majina ya kitaalamu, lakini mngeyasahau kabla ya chakula cha mchana. Ninataka mwondoke na jambo moja ambalo hadubini hunionyesha kila siku ya kazi: uvimbe hauanzi siku unapoonekana. Kabla ya siku hiyo zimepita hatua, kila hatua ina muda wake, na katika nyingi ya hatua hizo njia ya kurudi bado iko wazi.

Kila mmoja wetu humu ukumbini alianza akiwa seli moja. Seli hiyo iligawanyika ikawa mbili, mbili zikawa nne, na leo mtu mzima anakadiriwa kuwa na seli zaidi ya trilioni 30. Mwaka 1858, katika mihadhara aliyowapa madaktari mjini Berlin, Rudolf Virchow alifundisha kwamba kila seli imetoka katika seli nyingine, na kwamba chanzo cha ugonjwa kinapaswa kutafutwa ndani ya seli. Fundisho hilo lina maana kubwa kwetu sisi tunaoishi na majirani wanaoshukiana. Uvimbe hautumwi na mtu. Uvimbe hauwekwi na shangazi aliyenyimwa mahari. Uvimbe umezaliwa na seli za mgonjwa mwenyewe, na ukizitazama kwa makini, mara nyingi utatambua zimetoka katika tishu ipi.

Seli hujuaje wakati wa kugawanyika na wakati wa kuacha? Mtu akijikata kidole kwa kisu, seli za ngozi zilizo kando ya jeraha huanza kugawanyika, hutambaa kuelekeana, na zikikutana hunyamaza. Hakuna anayeziambia kwa sauti, lakini zimeambiwa: kuna kemikali zinazotoka seli moja kwenda nyingine zikisema ongezekeni, kuna nyingine zinazosema inatosha, na ndani ya kiini cha kila seli kuna jeni za kusukuma ukuaji na jeni za kuuzuia. Seli iliyoharibika kupita kiasi, kwa kawaida, hujiua yenyewe ili isizae seli mbovu. Mpangilio huo wote ukienda sawa, hatuujui. Tunaujua unapovurugika.

Ukuaji wa kwanza ninaotaka tuutazame ni ule wa seli ambazo bado zinatii. Chukueni moyo. Seli za misuli ya moyo wa mtu mzima karibu hazigawanyiki tena. Shinikizo la damu likipanda na kubaki juu kwa miaka, moyo unalazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi, na kwa kuwa hauwezi kuongeza idadi ya seli, kila seli inanenepa. Ukuta wa chumba cha kushoto, ambao kwa kawaida una unene wa sentimita 1 hivi, unafika sentimita 1.5, hata 2, na moyo uliokuwa na gramu 300 unaweza kupita gramu 500. Nimewahi kuushika moyo wa namna hiyo wakati wa uchunguzi wa maiti. Ulikuwa mzito na mgumu, ukuta mnene kama wa kitu kilichojengwa kubeba mzigo, na nafasi ya damu ndani yake imebaki finyu. Ulikuwa wa mwalimu mstaafu, na ndugu zake waliniambia kwamba marehemu hakuwa mgonjwa hata siku moja. Hakuwa mgonjwa? Moyo ule ulikuwa umefanya kazi ya ziada miaka mingi bila mtu kukifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi mwa mwenyewe. Na jambo linaloniuma ni kwamba presha ikishushwa mapema na ikabaki chini, unene huo hupungua.

Wazee waliotoka Nyanda za Juu Kusini, upande wa Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma, wanalijua rovu, ule uvimbe mkubwa wa mbele ya shingo. Tezi ya shingo huhitaji madini joto ili itengeneze homoni zake, na mtu mzima anahitaji kiasi kidogo mno, mikrogramu 150 kwa siku. Udongo wa milimani umeoshwa na mvua kwa karne nyingi, madini hayo yamekwisha, mazao hayana, na watu wakayakosa. Tezi iliyo chini ya ubongo inapoona homoni zimepungua, hutuma amri: ongeza kazi. Seli za tezi ya shingo zinatii, zinagawanyika, zinaongezeka idadi, lakini zitatengeneza nini bila malighafi? Basi amri inarudiwa, seli zinaongezeka tena, na shingo inajaa. Katikati ya miaka ya 1990 serikali yetu iliagiza chumvi iwekwe madini joto, na watoto wengi waliozaliwa baada ya hapo wamekua bila kuwa na rovu.

Angalieni lakini kwamba muda una neno lake. Rovu changa la kijana hupungua akipata madini joto. Rovu la miaka mingi limeshatengeneza vinundu na makovu ndani, na hilo halirudi tena hata ukimpa mwenyewe chumvi ya nchi nzima. Seli zilitii tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna saratani hapo, lakini zimetii kwa muda mrefu kupita uwezo wa kurudi.

Sasa tusogee hatua ya pili, na hapa tunabaki nyumbani, Kanda ya Ziwa, kwa sababu ugonjwa ninaotaka kuutolea mfano mnaujua kuliko mimi. Ninasema kichocho cha mkojo. Minyoo yake haipendelei sana maji ya ziwa lenyewe. Konokono wanaoibeba wako kwenye malambo na kwenye majaruba ya mpunga, kule ambako watoto huogelea na wazazi huinama kutwa nzima wakipandikiza miche. Mnyoo huingia kupitia ngozi, husafiri ndani ya damu, na hatimaye wakubwa wake hukaa kwenye mishipa inayozunguka kibofu, ambako jike hutaga mayai kila siku. Mengine hutoka na mkojo, na mwiba wa yai ndio unaochana na kutoa damu. Mengine hunasa kwenye ukuta wa kibofu na kubaki humo.

Kibofu kimetandikwa kwa ndani seli za aina maalumu, zinazoweza kutanuka mkojo ukijaa na kurudi ukitoka, na ambazo haziruhusu sumu za mkojo kupenya. Mayai yakikwama chini yake, mwili hupambana nayo bila kukoma, mwaka baada ya mwaka, na seli zile laini haziwezi kuyavumilia mapambano hayo. Nini kinatokea? Zinabadili aina. Mahali palipokuwa na seli za kibofu panaota seli bapa, ngumu, za namna ya ngozi. Ninapoziona chini ya hadubini, huwa ninajua mara moja mgonjwa ametoka kwenye mazingira gani, kwa sababu mara nyingi kando yake naona maganda ya mayai yaliyokauka kwa chokaa.

Kubadili aina ni ujanja wa seli wa kujinusuru. Ni ujanja wa gharama, kwa kuwa ngozi haikuumbwa kukaa ndani ya kibofu, na seli zinazogawanyika haraka katikati ya vidonda visivyopona zinakosea zinapoandika upya jeni zao. Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Kairo, alimgundua mnyoo huyu mwaka 1851 alipokuwa akipasua maiti. Mwaka 1911, hukohuko Kairo, daktari aitwaye Ferguson aliandika kwamba wagonjwa wa saratani ya kibofu aliowachunguza walikuwa na kichocho pia. Kwa miaka mingi Misri ilijulikana duniani kwa saratani hiyo, iliyowakamata wakulima wa bonde la Nile wakiwa bado na nguvu za kulima, na kadiri kichocho kilivyodhibitiwa, saratani ya aina ile ya seli bapa ikapungua. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimweka mnyoo wa kichocho cha mkojo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi lilelile lenye moshi wa sigara.

Walimu, hapa ninasema nanyi. Zipo sehemu ambako mvulana akikojoa damu huambiwa amekua. Amekua nini? Amepata ugonjwa ambao vidonge vya prazikwanteli, vinavyopimwa kwa uzito au kwa urefu wa mtoto, vinaumaliza. Siku ya kugawa dawa shuleni, wapo wazazi wanaowabakiza watoto nyumbani kwa kuogopa kichefuchefu na kizunguzungu. Waelezeni kwamba kichefuchefu cha saa chache ni kitu, na kibofu kilichobadilika kuwa ngozi mtoto akifika miaka 40 ni kitu kingine kabisa.

Kabla sijaendelea, niwaondolee hofu moja. Si kila uvimbe ni saratani. Kovu linalofura baada ya kutoboa masikio, uvimbe wa mafuta chini ya ngozi, uvimbe wa misuli ya kizazi ambao akina mama wengi wanao: hizo ni seli zilizozidi, lakini zina mpaka. Zinasukuma tishu za jirani bila kupenya ndani yake, na hazisafiri kwenda mbali. Saratani haina mpaka. Huingia katikati ya tishu za wengine, hutoboa mishipa ya damu na ya limfu, hupanda mbegu kwenye ini, mapafu, mifupa. Na kwa macho na kwa vidole, nasema hili mbele ya madaktari wenzangu, hakuna mtu anayeweza kuzitofautisha mbili hizi kwa uhakika kila mara. Ndiyo maana kuna hadubini.

Sasa tuvuke ziwa, twende Kampala. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt kutoka Ireland, amtazame mtoto aliyevimba taya. Taya zote: juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakulielewa jambo hilo, kwa sababu maambukizi hayavimbishi pande nne kwa pamoja na saratani haina desturi hiyo. Muda si mrefu akiwa Jinja akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile, akampima tumbo na kukuta uvimbe humo pia. Akaanza kufungua majalada ya zamani, akiwasaka watoto hao mmoja mmoja, na mwaka 1958 akaandika kuhusu uvimbe huo ambao leo una jina lake.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda katika kisa hiki. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipakia gari na kusafiri kilomita 16,000 hivi, wakishuka kutoka Uganda, kupitia Kenya na Tanganyika, hadi kusini mwa bara, wakisimama kila hospitali na kuuliza: mmeona watoto kama hawa? Majibu waliyapanga kwenye ramani. Uvimbe ulifuata mvua na joto. Katika maeneo yetu haya ya ikweta, ukipanda juu ya mita 1,500 hivi, ulikuwa hauonekani tena. Ni ugonjwa gani mwingine unafuata mvua na joto na kuogopa milima? Mnaujua. Ni malaria.

Mwaka huohuo Burkitt alizungumza London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo mtafiti, Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi vinavyosababisha uvimbe kwa kuku. Wakakubaliana: vinyama vya watoto wa Kampala vipelekwe London kwa ndege. Kwa muda mrefu Epstein hakupata kitu. Mwezi Desemba 1963 ndege iliyobeba kinyama ikazuiwa na ukungu kutua London, ikapelekwa Manchester, na kinyama kikafika kikiwa kimechelewa na maji yake yameharibika rangi, yakifanana na kitu kilichoingiwa na bakteria. Ilikuwa rahisi kukimwaga. Epstein akachukua tone moja, akalitazama kwenye hadubini, na kuona seli hai za saratani zikielea zenyewe, zimejitenga na kinyama. Hizo ndizo zilizokubali kuoteshwa maabara, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba ndani yake kuna kirusi kipya, ambacho hadi leo kinaitwa Epstein-Barr.

Basi tumempata mwenye kosa? Bado. Kirusi hicho kimo mwilini mwa zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani, humu ukumbini karibu sote, na hatuna uvimbe wa taya. Ilibidi hatua nyingine ziongezeke. Malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara huziamsha seli zake za kinga za aina ya B zigawanyike kupita kiasi, na huku kirusi kikizizuia zisife. Katika kugawanyika huko kwingi, siku moja, ndani ya seli moja, kipande cha kromosomu ya 8, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni zetu, kinakatika na kuungana na kromosomu ya 14. Kipande hicho kimebeba jeni iitwayo MYC, inayosukuma ukuaji, na sasa imewekwa jirani na jeni za kutengeneza kingamwili, ambazo katika seli ya B haziwekwi pumziko. MYC inawashwa na haizimwi. Kutoka seli hiyo moja unapatikana uvimbe unaoweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na mtoto ambaye Jumapili jino lake lililegea, wiki mbili baadaye uso wake hautambuliki.

Ndugu wahudumu wa afya, hapa siku zinahesabiwa moja moja. Mtoto mwenye taya iliyovimba na meno yanayolegea bila sababu asizungushwe wiki tatu na dawa za jino. Kasi ile ya kukua ndiyo pia udhaifu wa uvimbe huu, kwa kuwa dawa za saratani huzishambulia zaidi seli zinazogawanyika. Tangu miaka ya 1960, pale Kampala, Burkitt aliona watoto wakipona kwa dozi chache za dawa. Mtoto akifika mapema, tunazungumza habari za kupona.

Na kisa hiki kinanifikisha kwenye jambo ninalolisema kwa uchungu. Kinyama cha mtoto wa Kampala kilivuka mabara, kikakwama kwenye ukungu, kikafika kimechafuka, na bado kuna mtu aliyekitazama. Mimi nimempokea mama mmoja mkulima aliyekuwa na tezi kubwa kwapani. Mwaka uliotangulia alikuwa ametolewa kinundu kwenye titi, katika kituo ambacho sitakitaja, akaambiwa ni mafuta tu. Nikauliza majibu ya maabara yako wapi. Hayakuwepo. Kinundu kilitupwa kwenye ndoo pamoja na pamba. Hakuna aliyekitazama kwa hadubini, na mwaka mzima seli zile zilikuwa na nafasi ya kusafiri. Mgonjwa yeyote mnayemsindikiza, akikatwa chochote mwilini, muulizeni mganga swali moja: kinapelekwa maabara gani, na majibu yatatoka lini? Ni haki yake. Kichupa kiwe na formalini ya kutosha, mara kumi ya ukubwa wa kinyama, na jina la mgonjwa liandikwe kwenye kichupa chenyewe, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana.

Nimebakiza mlango wa kizazi, na nimeuacha mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndio saratani inayoongoza kwa akina mama wa nchi yetu, na ndiyo inayotupa muda mrefu kuliko zote tulizozitaja.

Kisababishi chake kinajulikana. Mwaka 1983 Harald zur Hausen na wenzake huko Ujerumani walikipata, ndani ya vinyama vya saratani hiyo, kirusi cha papiloma namba 16, na baadaye namba 18. Aina hizo mbili, ambazo kwenye kadi za chanjo mnaziona chini ya herufi HPV, husababisha saratani 7 kati ya 10 za mlango wa kizazi. Zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kirusi huambukizwa kwa kujamiiana, na karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana anakipata wakati fulani, kwa hiyo naomba tuache kumtazama mgonjwa wa saratani hii kwa jicho la kumhukumu. Wanawake wengi hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili. Kwa wale ambao kimeng'ang'ania, kirusi hutengeneza protini mbili, moja ikiiharibu p53, ile inayoiambia seli mbovu ijiue, na nyingine ikiishika ile inayozuia seli isigawanyike.

Nikitazama mlango wa kizazi wenye afya, naona seli za chini kabisa, ndogo na zenye viini vyeusi, ambazo ndizo pekee zinazogawanyika. Juu yake seli zinazidi kuwa bapa na viini vyake vinasinyaa, hadi zile za juu kabisa zinazobanduka. Kirusi kikishika, mpangilio huu unavurugika kuanzia chini. Vurugu ikifika theluthi ya chini, tunaiita daraja la kwanza, na mara nyingi hurudi yenyewe. Ikifika theluthi mbili ni daraja la pili. Ikifika juu kabisa, viini vikubwa vimejaa kila mahali na huwezi tena kujua chini ni wapi na juu ni wapi, hilo ni daraja la tatu. Lakini hata hapo, sikilizeni vizuri, hata hapo seli hazijavuka ule utando mwembamba ulio chini yake. Zimeharibika zote na bado ziko ndani ya mipaka yake. Mgonjwa haumwi na chochote. Hatoki damu. Hajui.

Je, ukimwacha mwanamke huyu, nini kitatokea? Hakuna mtu mwenye dhamiri anayeweza kufanya jaribio hilo, lakini lilifanyika. Katika hospitali ya wanawake ya Auckland, New Zealand, kuanzia miaka ya 1960, kulikuwa na daktari aliyeamini kwamba daraja la tatu haligeuki saratani, na wanawake kadhaa wakaachwa bila tiba kamili huku wakifuatiliwa, wengi wao bila kuambiwa ukweli. Jambo hilo likafichuliwa na mwaka 1987 ikaundwa tume iliyoongozwa na jaji Silvia Cartwright. Watafiti waliopitia kumbukumbu baadaye walikuta kwamba miongoni mwa walioachwa, asilimia 31 walipata saratani ndani ya miaka 30. Kwa wale waliotibiwa ipasavyo, haikufika asilimia 1. Wanawake wale walidhulumiwa, na ninaona ni deni letu kwao kwamba kile mwili wao ulichothibitisha kitumike.

Miaka kumi hadi ishirini hupita, kwa kawaida, kati ya kirusi kuingia na seli kuvuka utando. Kwa mama anayeishi na VVU muda huo ni mfupi, miaka mitano hadi kumi, ndiyo maana anahimizwa kuanza kupimwa akiwa na miaka 25 na kurudia mara nyingi zaidi. Na kipimo chenyewe, mama zangu, ni siki. Mhudumu hupaka mlangoni mwa kizazi asidi ya siki iliyozimuliwa, husubiri dakika moja, na pale penye seli zilizosongamana zenye viini vikubwa panageuka peupe. Panaonekana kwa macho, chini ya taa. Pakionekana padogo, huchomwa kwa kifaa cha joto au hugandishwa kwa baridi siku hiyohiyo, na mama hurudi nyumbani kwa miguu yake.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la mwaka 2030: wasichana 90 katika 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, wanawake 70 katika 100 wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika wakifika miaka 35 na tena wakifika 45, na 90 katika 100 wanaokutwa na tatizo watibiwe. Chanjo tunayo nchi nzima tangu mwaka 2018. Wazazi wanaoambiwa mitaani kwamba inaharibu kizazi, waambieni kinachoharibu kizazi ninakiona mimi kila wiki kwenye vichupa vinavyoletwa mezani kwangu.

Akina baba, nanyi mmo. Mama anapoomba nauli ya kwenda kupimwa huku haumwi popote, huyo ndiye anayepaswa kwenda. Anayesubiri hadi atokwe damu baada ya tendo la ndoa, au uchafu wenye harufu kali, mara nyingi anakuja wakati utando umeshavukwa, na hapo safari inakuwa ya mionzi, ya wiki nyingi, mbali na watoto.

Wauguzi wawili waliokaa meza ya kushoto karibu na mlango wanaandika majina ya wanaotaka kupimwa wiki hii, na wahudumu mtachukua kwao fomu za rufaa za kubaki nazo. Sasa ninapokea maswali, na ninaomba tuanze na akina mama.